Kabla ya kumlaumu fundi, tazama propela: maelezo kwa wamiliki na manahodha wa boti Ziwa Tanganyika

Tangu mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa mara ya kwanza kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, sisi wakaguzi wa vyombo hapa Kigoma tumezoea wageni wa aina mbili. Wa kwanza huja mwezi Mei kuuliza kama boti yake ya abiria nayo imefungiwa. Haijafungiwa, kinachopumzishwa ni uvuvi, safari zinaendelea. Wa pili huja mwishoni mwa Agosti, siku chache baada ya ziwa kufunguliwa, na shauri lake ni lile lile: mashine imekosa nguvu. Anasema petroli imechakachuliwa. Anasema fundi kamwibia vipuri. Wapo wanaosema kuna mkono wa mtu.

Tunamwomba ainue mashine. Mara nyingi shauri linaishia hapo hapo, kwa sababu propela aliyokuja nayo ina panga moja lililokatika ncha, jingine limepinda, na la tatu limekuwa jembamba kama kisu cha kukatia vitunguu.

Propela, ambayo wengine mnaiita feni na vitabuni huitwa rafadha, haizeeki kwa kukaa. Inaliwa, na anayeila hujulikana. Ziwani kwetu mlaji mkubwa ni mchanga. Nahodha anakuja Kibirizi au Katonga, anataka boti ipande ufukweni ili abiria washuke bila kulowa, basi anaacha mashine ivute mpaka boti inagota. Katika zile sekunde chache propela inasaga mchanga na kokoto kwa kasi ya mamia ya mizunguko kwa dakika. Propela nyingi za mashine ndogo ni za aluminiamu, na aluminiamu ni laini. Kingo zinaanza kuviringika, halafu zinapungua, halafu zinameguka. Hali ni hiyo hiyo kwa wanaopita karibu na midomo ya Malagarasi na Luiche wakati wa masika, mto unapoingiza tope ziwani. Dawa yake haina gharama: zima mashine ungali kwenye maji ya kiuno, iinue, umalizie kwa kasia au upondo. Tumeambiwa kwamba abiria hukasirika. Abiria wakasirike.

Kuna jambo jingine ambalo manahodha wa zamani wanalidharau. Maji ya ziwa yalipopanda miaka ya karibuni yalimeza kuta, visiki, nguzo na misingi ya majengo iliyokuwa nchi kavu. Mtu anayeingia kwa mazoea ya miaka 15 iliyopita, akilenga mti ule na paa lile, siku hizi anaweza kuwa anapita juu ya ukuta wa jirani yake. Panga likigonga jiwe au zege, kile kipande kilichovunjika ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni mtikisiko unaobaki. Propela isiyo na uwiano hutikisa shafti, shafti hutikisa beringi, beringi hulegeza sili, yaani mpira unaozuia maji yasiingie, na sili ikilegea maji huingia kwenye giaboksi. Ukiona usukani unatetemeka mkononi kuliko jana, hiyo si baridi.

Nyuzi za nyavu zinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu uharibifu wake hauonekani. Uzi wa nailoni ukinaswa, nahodha hukata unaoning'inia, akaona kazi imeisha. Uliobaki umejiviringisha kwenye shafti, nyuma ya propela, ambako jicho halifiki. Unazunguka na shafti, unapata joto, unakata mpira wa sili kidogo kidogo. Baada ya wiki kadhaa oili ya gia imechanganyika na maji. Kujua ni rahisi: legeza skrubu ya chini ya giaboksi, acha matone machache yadondoke kiganjani. Oili nzima ni ya kahawia au nyeusi na inang'aa. Ikiwa imekuwa kama chai ya maziwa, sili imekwisha, na kila saa unayoendelea kusafiri unasaga gia. Sasa fikirini mashine ya namna hiyo ikiwekwa stoo kuanzia Mei hadi Agosti na maji yake tumboni. Miezi mitatu ya kutu kwenye beringi. Halafu Agosti tunaambiwa petroli imechakachuliwa.

Watengenezaji wengi wanataka oili ya gia ibadilishwe kila baada ya saa 100 za kazi au miezi sita, lolote litakalotangulia. Boti inayotembea saa nne kwa siku inafikisha saa 100 ndani ya siku 25. Fanyeni hesabu wenyewe.

Sasa kuhusu msumari. Mashine ndogo nyingi zina pini ya chuma laini inayoshikanisha propela na shafti. Pini hiyo imetengenezwa ivunjike. Ndiyo kazi yake: propela ikigonga jiwe, pini inakatika, gia inapona. Mtu akibadilisha pini kwa msumari wa inchi nne au kipande cha nondo kwa sababu "ile ya dukani inakatika ovyo", ameondoa ulinzi wenyewe. Safari ijayo kitakachokatika ni shafti au meno ya gia, na gharama yake haifanani hata kidogo na pini. Mkaguzi akikuta msumari mahali pa pini, hana cha kujadiliana nawe.

Mashine kubwa kidogo hazina pini hiyo. Zina mpira ndani ya kitovu cha propela unaofanya kazi ile ile. Mpira ukichoka, mashine inanguruma kwa nguvu lakini boti haiendi, hasa ikiwa imejaa. Hapa ndipo mafundi wengi wasio na hatia wamesingiziwa. Ipo njia ya kujihakikishia: kabla ya safari, chora mstari wa rangi kwa mkupuo mmoja, uanzie sehemu ya ndani ya kitovu hadi ya nje. Ukirudi, tazama. Mstari ukiwa umeachana, mpira unateleza na propela inahitaji kitovu kipya.

Jambo ninalolisema kila mwaka, na kila mwaka linapuuzwa, ni kwamba Kigoma si pwani. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na mashine isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa hupoteza takriban asilimia tatu ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa hapa kwetu ni kama asilimia saba au nane. Mtu ananunua mashine ya mtumba kutoka pwani pamoja na propela yake, ile iliyoifaa ufukweni kule, anaifunga kwenye boti nzito ya mbao iliyosheheni mawese na magunia, halafu anashangaa.

Namba iliyochongwa kwenye propela si ya mapambo. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi, ya pili ni pichi, yaani umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa parafujo inayoingia kwenye ubao. Pichi kubwa ni kama kupanda mlima wa Mwandiga kwa gia namba nne. Mashine inasota, haifikii mizunguko iliyopangiwa, inapata joto, inakula mafuta. Kwa mashine nyingi mizunguko hiyo ni kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika, mafuta yakiwa yamefunguliwa yote na boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida; kitabu cha mashine yako kitakupa namba kamili. Ukipunguza pichi kwa inchi moja, mizunguko hupanda kwa takriban 150 hadi 200. Kwa hiyo mwombe fundi mwenye kipima mizunguko akupimie mara moja, mzigo ukiwa ndani, si boti tupu siku ya majaribio. Propela inayofaa kwa boti ya mchungaji anayesafiri na Biblia yake haifai kwa boti ya shehena ya Kalya.

Wapo wanaotatua tatizo hili kwa tupa. Wanakata ncha za mapanga mpaka mashine "ipate pumzi". Inapata, ni kweli. Lakini mapanga matatu yaliyokatwa kwa jicho hayalingani kamwe, na tunarudi kwenye mtikisiko, beringi na sili.

Vidoa vidogo kama vya ndui kwenye uso wa panga navyo vinasingiziwa kutu. Aghalabu si kutu. Panga linapokata maji kwa nguvu, upande wake wa mbele shinikizo hushuka sana, na maji hugeuka mvuke yakiwa baridi. Si ajabu kama inavyosikika: hata jikoni Kigoma maji huchemka kwenye nyuzi 97 na kitu badala ya 100, kwa sababu tu shinikizo la hewa ni dogo. Vile viputo vya mvuke vikifika penye shinikizo kubwa huporomoka kwa kishindo na kuchimba chuma, tobo kwa tobo. Mwaka 1894 Charles Parsons wa Uingereza aliijaribu meli yake Turbinia ikiwa na propela moja, ikagoma kupata kasi kwa sababu hiyo hiyo. Mwisho alifunga shafti tatu zenye propela tisa, na mwaka 1897 ikakimbia noti 34, yaani maili 34 za baharini kwa saa. Kwetu chanzo huwa kingo zilizopinda, pichi isiyofaa, au mkuku mnene ulio mbele ya propela unaovuruga maji.

Hili lisichanganywe na propela kunywa hewa ya juu. Hilo hutokea mashine ikifungwa juu mno, au mashine ya shingo fupi ya inchi 15 ikifungwa kwenye ubao wa nyuma uliotengenezwa kwa shingo ya inchi 20. Lile bapa lililo juu ya propela linatakiwa liwe sawa na sakafu ya nje ya boti, au chini yake kidogo, isizidi upana wa kidole gumba. Mafundi seremala wa boti, hapa nawaomba sana: pimeni mashine kwanza, ndipo mkate ubao.

Kuhusu zinki, kile kipande cha chuma kinachofungwa karibu na propela ili kiliwe badala yake, nasema mawili tu. Zinki yenyewe ilikusudiwa maji ya chumvi. Kwenye maji baridi hujifunika ganda na kuacha kufanya kazi, hivyo ombeni ya magnesiamu au ya aluminiamu. Na msiipake rangi. Ikipakwa rangi haina maana.

Grisi ndiyo kinga rahisi kuliko zote. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha meli ambayo leo ni Liemba, waliipaka mitambo yake grisi nene kwanza. Ilikaa chini ya maji kwa miaka, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Nyinyi mnashindwa kuchomoa propela mara moja kwa mwezi, kufuta shafti, kutoa nyuzi, kupaka grisi isiyoyeyuka majini, kurudisha washa zote, zile pete za nati, kwa mpangilio wake na kuweka splitpini mpya, ile pini ya kukunja inayozuia nati isifunguke. Splitpini ya zamani haikunjwi mara ya pili, na waya wa kufungia uzio si splitpini. Propela iliyochomoka ziwani haitafutwi: kina kinafika mita 1,470, na kwa sababu hiyo hiyo nanga yenu ya kamba ya mita 50 haitawashikilia mkipoteza nguvu mbali na nchi huku upepo wa kusini ukivuma.

Ndiyo maana chombo cha abiria kinatakiwa kuwa na propela ya akiba, pini au splitpini za akiba, spana inayoingia kwenye nati ya propela, na makasia. Spana isiyoingia haihesabiwi.

Niseme pia utaratibu, maana unapotoshwa. Leseni ya uvuvi inayotolewa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 si ushahidi kwamba chombo ni salama. Usalama wa chombo unasimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Mmiliki afike na hati za usajili, cheti cha mwaka uliopita kama kipo, na chombo kikiwa kimepandishwa nchi kavu, kitupu, mashine ikiwa imeinuliwa. Si kikielea. Si picha kwenye simu. Mkaguzi akiona kasoro ataiandika, mmiliki atasaini kwamba ameielewa, na chombo hakitaondoka mpaka kasoro irekebishwe na kikaguliwe upya. Kukiondoa chombo kilichozuiwa ni kosa la pili, tofauti na kasoro yenyewe, na linaweza kuwafikisha mahakamani mmiliki na nahodha wote wawili. "Mimi nimeajiriwa tu" si utetezi. Chombo kikipata hitilafu kikiwa na watu majini, piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji mapema, mtandao ungalipo, kabla ya kujaribu kila kitu.

Ombi la mwisho ni dogo. Msiipake propela rangi ya fedha asubuhi ya ukaguzi. Tunakuja na brashi ya waya.