Neno lililofutwa kwa raba

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo huwagawia watoto karatasi yenye swali moja juu yake: "Ukikua unataka kuwa nani?" Mimi ni mnasihi wa shule, na nimezikusanya karatasi hizi kwa miaka mingi hata majibu yenyewe nayajua kabla sijayasoma. Daktari, rubani, mwalimu, mwanasoka, askari. Siku hizi kinachonivuta zaidi ni kilichojificha chini ya jibu. Watoto huandika kwa penseli, na raba haiondoi kila kitu.

Mwaka juzi mvulana wa miaka minane aliniletea karatasi iliyochubuka katikati, karibu itoboke. Juu ya mchubuko aliandika INJINIA kwa herufi kubwa. Nilipoiinua karatasi dirishani, mwanga ukapita, nikaona alama za maneno ya kwanza: "kushona nguo za arusi". Si kushona tu, bali nguo za arusi! Mtoto huyu alikuwa ameshaziona, tena kwa undani, na kuna kitu kilimkaa moyoni. Nikamwita pembeni, nikamwuliza kwa upole mbona amefuta.

"Mwalimu, wenzangu wamesema hiyo ni ya wasichana."

"Na injinia?"

"Injinia ni nzuri."

Nikamwuliza injinia hufanya nini kazini. Akainamisha kichwa, akachezea raba yake.

Mwaka 1981 mwanasaikolojia wa Marekani, Linda Gottfredson, alichapisha nadharia inayoeleza vizuri kuliko zote nilizosoma kilichompata mtoto huyu. Watu wazima wengi tunadhani ndoto ya mtoto huanza ikiwa finyu, kisha hupanuka kadiri anavyosoma na kuijua dunia. Gottfredson alisema mambo huenda kinyume. Mtoto huanza na uwanja mpana, halafu huupunguza, akizitupa kazi moja baada ya nyingine. Na kazi akishaitupa, ni nadra kuirudia kwa hiari yake, isipokuwa litokee jambo la kumfanya aifikirie upya.

Kati ya miaka 3 na 5 hutambua kwamba kuna wakubwa na wadogo, na kwamba kazi ni mambo ya wakubwa. Hapo ndipo yule aliyetaka kuwa simba huacha kutaka kuwa simba. Kati ya miaka 6 na 8 huanza kuchuja kwa jinsia: hii ya kiume, hii ya kike. Mvulana wangu wa nguo za arusi alikuwa hapo hasa. Kati ya miaka 9 na 13 huja hadhi. Sasa mtoto anajua kazi ipi hutajwa kwa sauti mbele ya wageni na ipi husemwa kwa kunong'ona. Anajua pia ipi inaonekana ngumu mno kwake. Ni kuanzia miaka 14 tu ndipo anapogeuka ndani na kujiuliza: mimi napenda nini hasa? Naweza nini?

Utaratibu huu huniuma kila ninapoufikiria. Swali lililostahili kutangulia ndilo linalokuja mwisho, tena uwanja ukiwa umeshafyekwa mara tatu. Kijana wa miaka 15 anapokaa mbele yangu na kusema "sijui ninachotaka", mara nyingi hakosi vipaji wala si mvivu. Anachagua katika mabaki.

Na mabaki hayo ni machache kweli. Katika PISA, uchunguzi wa kimataifa wa wanafunzi, wa mwaka 2018, wanafunzi wa miaka 15 waliulizwa wanatarajia kufanya kazi gani watakapofika miaka 30. OECD, shirika la kimataifa linaloendesha uchunguzi huo, lilipochambua majibu ya nchi 41, asilimia 47 ya wavulana na asilimia 53 ya wasichana walitaja kazi zilizomo katika orodha ya kazi 10 tu. Dunia ina maelfu ya kazi! Nusu ya vijana wamejipanga kwenye milango kumi, na mingi ya milango hiyo ni ileile waliyoitaja wakiwa wadogo. Hawakuipenda kuliko mingine. Mingine hawakuwahi kuiona ikifunguliwa.

Uchujaji wenyewe unaweza kuuona kwa macho. Mtafiti David Chambers alichapisha mwaka 1983 matokeo ya kazi aliyoifanya kwa miaka kadhaa: watoto 4,807, kuanzia shule ya awali hadi darasa la tano, waliombwa wachore mwanasayansi. Katika michoro yote hiyo, 28 tu ilimwonyesha mwanamke, na yote 28 ilichorwa na wasichana. Wavulana hawakuchora hata mmoja. Kinachonigusa zaidi ni kwamba wale wadogo kabisa karibu hawakuchora alama zozote za mwanasayansi zilizozoeleka. Kadiri darasa lilivyopanda, ndivyo koti jeupe, miwani na ndevu vilivyoongezeka. Hakuna aliyewaketisha chini na kuwafundisha hilo. Waliliokota kidogo kidogo, kama mtoto anavyookota lafudhi ya nyumbani kwao.

Wazazi huniuliza mambo mawili. Kwanza: "Mwalimu, mwanangu kila wiki ana ndoto mpya, ana shida gani?" Hana shida. Bado hajafuta. Pili, na hili ni zito zaidi: "Anataka kuwa mwanasoka, nimwambie ukweli mapema?" Huwaambia wasubiri, kwanza wamwulize anachokiona anapojiona uwanjani. Mmoja ataeleza makelele ya mashabiki. Mwingine atasema anapenda jinsi kocha anavyochora mishale ubaoni. Wa tatu atakuhadithia yule anayekimbilia ndani na mkoba mchezaji akiumia. Jina la kazi ni moja, watoto ni watatu tofauti, na ukimwambia kila mmoja "soka haina nafasi" umewafungia milango ambayo hata wewe hujui iko wapi.

Kiswahili chetu kinanisaidia hapa. Hatumwulizi mtoto unataka kuwa nini. Twauliza unataka kuwa nani. Swali linadai mtu, mzima mzima, na sisi wenyewe tumezoea kuridhika na jina la kazi. Nchini Uingereza, watoto waliozaliwa katika wiki moja ya Machi 1958 wamefuatiliwa na watafiti maisha yao yote. Walipofika miaka 11, mwaka 1969, walipewa nusu saa waandike wakijifanya wana miaka 25: maisha wanayoishi, wanayoyapenda, nyumbani kwao, na kazi yao. Zimebaki insha zaidi ya 13,000. Nalipenda swali lile kwa sababu kazi imewekwa pale inapostahili, ndani ya maisha, ikiwa na nyumba pembeni yake na watu ndani ya nyumba.

Nimelichukua, nikalipunguza kwa watoto wangu. Sasa juu ya karatasi pameandikwa: "Ni asubuhi, wewe ni mtu mzima, umefika kazini. Umeshika nini mkononi? Nani yuko karibu nawe?" Msichana wa miaka tisa aliandika kwamba ameshika tochi na yuko chini ya daraja na wanawake wengine wanne, wanatafuta nyufa. Sikujua ameitoa wapi. Kumbe mjomba wake alimpeleka siku moja kuwaona mafundi wakikagua daraja, akakaa nao hadi jioni. Siku moja tu. Tangu hapo, pesa kidogo ninazopewa kwa ajili ya shughuli zangu sinunulii tena mabango ya kazi ya kubandika ukutani; nawatafuta watu wa kazi mbalimbali waje na vifaa vyao, watoto wavishike.

Yule mvulana naye nilimwita tena muhula uliofuata, siku aliyokuja fundi cherehani mwanamume na gauni jeupe ambalo halijaisha, pindo lake limejaa pini. Alisimama nyuma ya wenzake muda mrefu. Halafu akauliza pini zile zinatolewa lini, kabla ya kushona au baada.

Jambo jingine nililobadilisha ni dogo. Penseli nimeziondoa. Siku ya karatasi zile nawapa kalamu za wino, wakibadili mawazo wanapiga mstari mmoja juu ya neno, na neno linabaki likisomeka.