Chambo bandia: kijiko cha zamani na samaki wa taa anayeuzwa kwenye simu

Chambo bandia ni kitu kisicholika ambacho mvuvi hukifunga kwenye mshipi ili samaki adhani kinalika. Kipande cha kibua au mkono wa pweza ni chambo. Unyoya mweupe wa kuku uliofungwa juu ya ndoana ni chambo bandia, na anayerambaza kwa nyuzi za kiroba nyuma ya ngalawa, akitafuta nguru nje ya Msimbati, pwani ya Mtwara, anatumia chambo bandia hata kama hajawahi kukiita hivyo. Chambo cha kweli hufanya kazi kikiwa kimetulia, maana kina harufu na ladha. Cha bandia kikitulia kimekufa. Karibu uhai wake wote uko kwenye mwendo.

Samaki hakivamii kwa njaa peke yake. Wapo wanaokigonga kwa sababu kimepita ghafla mbele ya macho, na wapo wanaokifukuza kwenye himaya yao. Wahenga walikwishalisema: hasira ya mkizi, furaha ya mvuvi.

Sasa matangazo. Anayefungua simu leo, awe Mtwara mjini au Kilwa Masoko, hakosi kumwona samaki wa plastiki mwenye viungo, anayechajiwa kwa waya, anayewaka taa tumboni na kutikisa mkia mwenyewe. Vifaa vingi vya namna hii havikubuniwa kwa ajili ya bahari. Soko lililovizaa ni la wavuvi wa bass, samaki wa maji baridi mwenye asili ya Amerika Kaskazini, mwenye mdomo mpana na tabia ya kuotea kando ya magugu na visiki. Rekodi ya dunia ya bass wa mdomo mpana ni takriban kilo 10.1, aliyevuliwa Georgia, Marekani, mwaka 1932. Mwingine wa uzito huohuo alivuliwa Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Yaani bass mkubwa kuliko wote kwenye rekodi hafikii jodari mkubwa. Tena hana meno ya kukata mshipi, anakaa sana kwenye maji ya kina kifupi, na wengi wanaomvua wanamvua kwa burudani, kisha wanamrudisha majini. Chambo kilichotengenezwa kwa ajili yake huja na ndoana nyembamba na pete laini za kushikia ndoana, na hapo hakuna kosa la mtengenezaji. Kosa ni kukileta kwa kolekole wa baharini.

Kwa hiyo kabla ya kutazama rangi, uliza kitatembea kwenye kina gani, kwa mwendo gani, na chuma chake kitahimili nini. Tangazo lisilojibu hayo matatu linakuuzia picha.

Tuanze na kijiko, kwa sababu ni cha zamani sana. Ni bamba la chuma lililopinda kama kijiko cha chai kilichokatwa mpini. Kinapovutwa huyumba na kumetameta kama dagaa aliyejeruhiwa. Huko Marekani hati ya ubunifu wa kijiko cha kuvutwa ilitolewa mwaka 1852, na mpaka leo umbo halijabadilika sana. Cha gramu 20 hadi 40 kinarushwa vizuri kutoka ufukweni au kwenye miamba. Kikivutwa nyuma ya chombo kinataka mwendo wa wastani: ukizidisha, kinaacha kuyumba na kuanza kuzunguka kama pia, na mshipi unajisokota wote. Dawa yake ni kupunguza mwendo na kuweka swiveli, kile kiungo kinachozunguka bila kuusokota mshipi, kama nusu mita juu ya kijiko. Uzuri wa kijiko ni kwamba hakina cha kuharibika. Rangi ikibanduka, kisugue kwa mchanga na kiendelee na kazi.

Samaki wa mbao mwenye ulimi ndiye anayestahili maelezo marefu. Mfini Lauri Rapala alimchonga wa kwanza mwaka 1936, akiiga samaki mdogo anayeyumba vibaya kuliko wenzake, yule ambaye samaki mlaji humchagua kundini. Leo wengi ni wa plastiki, lakini siri ni ileile: kile kibamba kidogo chini ya mdomo. Kikiwa kifupi na kimesimama, samaki huyo hutembea nusu mita hadi mita moja chini ya uso wa maji. Kikiwa kirefu, kipana na kimelala sambamba na mwili, anazama mita tano, nane, hata zaidi. Basi usinunue bila kutazama ulimi. Mwenye ulimi mrefu ukimvuta juu ya tumbawe lenye maji ya mita tatu, umempoteza siku ya kwanza.

Samaki wa ulimi pia anahitaji kunyooshwa. Mweke majini kando ya chombo kwa mita mbili za mshipi, umtazame. Akienda sawa na kutetemeka, mwachie. Akikimbilia kushoto, shika kwa koleo kile kipete cha puani unapofunga mshipi, ukipinde kidogo mno kuelekea kulia, kisha ujaribu tena. Akikimbilia kulia, fanya kinyume chake. Mara nyingi hitilafu inatokea samaki mkubwa alipomtafuna na kukipotosha kipete hicho, na mwenye chombo anadhani chambo kimeishiwa bahati. Fundo nalo linaweza kumuua: ukilikaza moja kwa moja kwenye kipete, kichwa kinakosa uhuru. Funga fundo la kitanzi, au tumia kishikizo kidogo cha chuma.

Chambo laini, mnyoo au samaki wa plastiki inayonyumbulika, kilianza kupata jina Ohio, Marekani, mwaka 1949 kwa mikono ya Nick Creme, na hapo bass aligeuka mteja wa kudumu. Kwetu kinafaa kikivishwa kwenye ndoana yenye kichwa cha risasi cha gramu 10 hadi 30 na kudundishwa chini polepole. Ndoana itokee katikati kabisa ya mgongo. Ikitoka upande, chambo kitazunguka. Adui yake ni kikande na bunju, samaki wanaokikata mkia kwa meno. Na usikichanganye kwenye boksi moja na samaki wa plastiki ngumu: kwa joto la huku mafuta yake yanayeyusha rangi, na jioni unakuta vimegandana.

Manyoya ni ya haraka kueleza. Meupe, marefu kama kidole cha kati, yamefungwa kwa uzi nyuma ya risasi ndogo. Hayana fahari dukani, lakini kwa jodari wadogo nyuma ya ngalawa hayana mpinzani kwa bei yake. Kipo pia chambo chenye mdomo uliobonyea kama kikombe, kinachotapakaza maji juu kila kikivutwa kwa mkupuo. Hicho ni cha kolekole alfajiri, pembeni mwa tumbawe.

Vipya navyo visitupwe vyote kapu moja. Katika miaka ya 1990 televisheni za Marekani zilitangaza mfululizo vyambo kama Flying Lure na Banjo Minnow. Cha kwanza kilikuwa na wazo la kweli: mshipi ukilegezwa, kiteleze mbali na mvuvi kuelekea alikojificha samaki. Lakini chambo laini kisicho na risasi, kikiachwa kishuke taratibu, kinafanya kazi inayokaribia hiyo. Ndivyo vilivyo vipya vingi: ndani mna jambo moja la kweli, na juu yake tangazo la ahadi kumi.

Samaki wa betri, kwa mfano, anatikisika kweli. Kwenye beseni. Mpeleke kwenye mdomo wa ghuba ya Mikindani maji ya bamvua yanapotoka, injini yake ndogo haina ubavu, anachukuliwa kama jani. Maji ya chumvi yakipenya kwenye tundu la kuchajia, shaba ndani inaota kutu ya kijani na kazi imekwisha. Kama tayari unaye, mtumie kwenye maji mafu, bwawani au kwenye ziwa dogo. Taa nayo ina mantiki, kwani dagaa wanavuliwa kwa karabai usiku wa giza. Ila karabai ni mwanga mkubwa uliotulia, unaokusanya wadudu wa majini na dagaa kwa saa nzima. Kitaa cha ukubwa wa punje ya mpunga kinaonekana, hakikusanyi.

Marashi ya kupulizia chambo husaidia kidogo kwenye chambo kinachokwenda polepole: samaki akishakitia mdomoni huchelewa kukitema. Kwa kijiko kinachokimbia nyuma ya mashua ni mafuta ya bure baharini. Rangi inadanganya zaidi ya yote. Nyekundu ndiyo ya kwanza kumezwa na maji. Kwenye mita 15 chambo chekundu kinaonekana kijivu au cheusi. Kwenye maji safi tumia fedha, nyeupe na buluu. Maji yakichafuka kwa mvua karibu na mdomo wa mto Ruvuma au Lukuledi, nenda kwenye cheusi au cha manjano kali, chenye umbo linaloonekana kwa mbali.

Chambo chochote utakachonunua, cha zamani au kipya, ndoana ndiyo ya kukagua kwanza. Choma ncha kwenye gogo, shika shina kwa koleo na uvute kwa nguvu ya mkono mmoja. Ikifunguka, kolekole wa kilo tano ataifungua pia. Toa zile ndoana za miba mitatu, weka moja moja nene za chuma kisichoshika kutu, pamoja na pete ngumu zaidi. Chambo kikishakuwa kizito kuliko awali, kijaribu upya majini, maana kilichokuwa kinaelea sasa huenda kinazama. Kwa nguru na mzia weka waya wa sentimita 30 hadi 50 mbele ya chambo. Nailoni, hata ya kilo 40, wanaikata safi kama wembe. Waya ukiwa mnene mno, kijiko kidogo kinakosa kuyumba.

Changu na chewa wa chini, hasa usiku, wanapatikana zaidi kwa kipande cha ngisi na chubwi. Huko chambo bandia ni ukaidi tu. Na ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, uvuvi una masharti yake; pita ofisini kwao kabla ya kushusha mshipi.

Kuna chambo bandia kimoja ambacho hata mpinzani wa vyote hukikubali: kamba wa plastiki aliyevishwa kitambaa, mwenye taji la miba mkiani, wa kuvulia ngisi. Asili yake ni Japani, ambako wa zamani walichongwa kwa mbao. Mwache azame ukihesabu, mkupue mara mbili, kisha mwache ashuke tena. Ngisi humkamata anaposhuka, na unachohisi ni uzito tu, kama umenasa mfuko wa plastiki. Miba ile haina vijino vya kuzuia, hivyo vuta kwa mwendo mmoja usiokatika; ukilegeza, amechomoka. Akifika ubavuni mwa chombo, mgeuze mdomo wa wino uelekee baharini kwanza, ndipo umpandishe.