Je, wajua kwa nini pesa kidogo huchosha akili?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu anayehangaika na kipato kidogo ana matatizo mawili: pesa, na mpangilio. La pili nililiona kubwa kuliko la kwanza. Ndiyo maana dada yangu mkubwa aliponiambia kwamba amechoka, na kwamba hata akilala usiku kucha anaamka na uchovu ule ule, nilimnunulia daftari. Nililipiga mistari kwa rula, safu ya mapato, ya matumizi na ya akiba, nikampelekea.

"Dada, ukiandika kila kitu utaona pesa inapotelea wapi."

Alilipokea kwa mikono miwili, akalifungua, akaliweka magotini. Kisha, bila kutazama popote, akaanza kunitajia: kodi ya nyumba na siku zilizobaki kabla haijadaiwa, nauli ya wiki, deni lililobaki kwa jirani, awamu ya pili ya ada ya mtoto, tofauti ya bei kati ya sabuni ya kipande na ya unga. Alikwenda hivyo hadi senti ya mwisho. Alipomaliza akaniambia, "Mdogo wangu, hii pesa haipotei. Najua yote iliko. Taabu yangu ni kwamba siwezi kuacha kuijua."

Siku ile sikumwelewa. Leo naona kwamba sentensi yake ya mwisho ndiyo jibu la swali la makala haya: kwa nini kuishi kwa bajeti finyu kunachosha akili, hata siku ambayo hakuna kilichoharibika?

Nianze na kosa langu, maana si langu peke yangu. Ukimtazama kwa mbali mtu anayebana matumizi, unachokiona ni makosa yake. Kasahau tarehe ya bili akatozwa faini. Kakopa kwa riba ya kukata shingo. Kamfokea mtoto kwa ajili ya penseli iliyopotea. Hapo ni rahisi kusema makosa hayo ndiyo yaliyomfikisha alipo. Ujikune ujipatapo, tunamwambia, kana kwamba yeye hajui mkono wake unaishia wapi.

Anajua kuliko sisi. Mwaka 1981 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha jaribio ambalo mpaka leo linanivutia. Unanunua kikokotoo cha dola 15, muuzaji anakuambia kwamba katika tawi lao jingine, mwendo wa dakika 20, kinauzwa dola 10. Utakwenda? Asilimia 68 walisema ndiyo. Kundi jingine likaulizwa swali hilo hilo, ila kikokotoo kilikuwa cha dola 125 na katika tawi lile jingine kiliuzwa dola 120. Safari hii waliokubali kwenda walikuwa asilimia 29 tu. Dakika 20 ni zile zile, dola 5 ni zile zile, lakini zikiwekwa kando ya bei kubwa watu wanaziona kama si kitu.

Mwaka 2015 Anuj Shah, Eldar Shafir na Sendhil Mullainathan walionyesha kwamba watu wa kipato cha chini hawayumbishwi sana na mtego wa aina hii. Sababu yake ni nyepesi ukiifikiria. Mwenye pesa kidogo haulizi dola 5 ni sehemu gani ya bei. Anauliza dola 5 zitalipa nini kingine, na jibu analo kichwani tayari. Kwa hiyo yule niliyedhani hajui hesabu ndiye aliyekuwa akiifanya sawasawa.

Na uvumilivu je? Wengi wamesikia habari za watoto wanaowekewa pipi laini mezani na kuambiwa: ukisubiri bila kuila, utapata ya pili. Kwa muda mrefu jaribio hili lilisimuliwa kama kipimo cha tabia, kwamba anayesubiri ana nidhamu na asiyesubiri hana. Lakini mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walifanya jambo moja la ziada. Kabla ya pipi, mtu mzima aliwaahidi watoto 28 vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Kwa nusu yao alivileta. Kwa nusu nyingine alirudi mikono mitupu akaomba radhi. Ilipofika zamu ya pipi, waliotimiziwa ahadi walisubiri wastani wa dakika 12 hivi, na walioangushwa dakika 3. Watoto 28 ni wachache, siwezi kujengea nyumba juu yao. Hata hivyo jaribio linauliza swali ambalo mimi sikuwahi kumuuliza dada yangu: mara ngapi alisubiri, na alichosubiri kikaja?

Basi uchovu unatoka wapi? Fikiria ndoo ya maji iliyojaa hadi ukingoni, nawe umeambiwa uibebe bila kumwaga tone. Uzito wake unaumudu. Kinachokutesa ni ule ukingo. Macho hayabanduki kwenye maji, kila hatua unaipima, ukisikia jina lako huitiki haraka. Nyuma yako anakuja mwenzako na ndoo kubwa zaidi iliyojaa nusu. Huyo amebeba mzigo kama wako, lakini anaongea, anatazama njia, anamsalimia mpita njia. Akijikwaa, maji yanayumba ndani kwa ndani yanatulia. Wewe ukijikwaa yanamwagika, na walioona wanasema huyu hana uangalifu. Kumbe umejikwaa kwa sababu uangalifu wako wote ulikuwa juu, kwenye maji, na jiwe lilikuwa chini.

Nafasi ile tupu kati ya maji na ukingo ndiyo anayoikosa mwenye bajeti finyu. Aliye nayo akinunua kitu anajibu swali moja: nakitaka? Asiye nayo anajibu mawili: nakitaka, na niache nini? Ndiyo maana unaweza kumwona mtu amesimama mbele ya rafu, kifaa mkononi, anakirudisha, anapiga hatua mbili, anakirudia. Kwa nje hajafanya lolote, hata pesa hajatoa. Kwa ndani ameshapita kwenye nauli, kwenye deni, kwenye ada, akarudi. Kile ambacho hakununua kimemchosha kuliko alichonunua, na hakuna risiti ya kazi hiyo.

Hesabu hii pia haimngoji mtu aiite, upungufu wenyewe huvuta akili. Mfano ninaouona wa wazi zaidi haukuhusu pesa kabisa. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, wanaume 36 waliojitolea walipunguziwa chakula kwa miezi kadhaa ili wanasayansi wajifunze namna ya kuwarudisha katika afya watu waliokumbwa na njaa ya vita. Miili ilikonda, hilo lilitarajiwa. La ajabu lilikuwa vichwani. Wanaume hao walianza kusoma vitabu vya mapishi kwa shauku, kuongea chakula asubuhi na jioni, na wengine kupanga kufungua mikahawa. Hakuna aliyewatuma. Kilichopungua ndicho kilichotawala.

Kwa pesa, utafiti uliotajwa sana ni wa mwaka 2013, wa Anandi Mani, Mullainathan, Shafir na Jiaying Zhao. Katika duka kubwa la New Jersey waliwaomba watu wafikirie gari lao limeharibika, kisha wakawapa mafumbo ya kupima akili. Gharama ya matengenezo ilipokuwa dola 150, wenye kipato cha chini na cha juu walifanya sawasawa. Ilipopandishwa hadi dola 1,500, wenye kipato cha chini walishuka. Gari lenyewe lilikuwa la kufikirika tu. Kisha wakaenda Tamil Nadu, India, kwa wakulima 464 wa miwa, wakawapima watu wale wale kabla ya mavuno, pesa zikiwa zimekauka, na baada ya mavuno. Baada ya mavuno walifanya vizuri zaidi. Mkulima ni yule yule, akili ni ile ile, kilichobadilika ni hali ya mfuko.

Hapa inabidi nipunguze mwendo, kwa sababu mimi mwenyewe niliposoma haya mara ya kwanza niliyabeba kama msahafu. Watafiti wengine waliuhoji uchambuzi wa takwimu zile mwaka huo huo. Mwaka 2016 Leandro Carvalho, Stephan Meier na Stephanie Wang waliwalinganisha Wamarekani wa kipato cha chini kabla na baada ya siku ya malipo, na hawakuona tofauti katika vipimo vya akili. Na mwaka 2021 kundi la watafiti lilirudia majaribio 20 ya saikolojia ya upungufu, na mengi hayakutoa matokeo yale ya awali. Kwa hiyo ukisikia mtu akitamka kwa uhakika kwamba kukosa pesa kunapunguza alama kadhaa za akili, mwulize tena.

Linalonifanya nisiitupe hoja yote ni jaribio la Odisha, India. Wafanyakazi waliokuwa wakishona sahani za majani, wakilipwa kwa kila sahani, waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa sehemu ya ujira wao mapema, wengine wakangoja mwisho. Malipo ya kila sahani yalikuwa yale yale, kilichotofautiana ni siku. Waliolipwa mapema walitumia pesa hizo upesi kulipa madeni na kununua mahitaji ya nyumbani, kisha wakawa wanashona haraka zaidi na kwa makosa machache, hasa wale waliokuwa maskini zaidi. Hiki si kipimo cha mafumbo kwenye karatasi. Ni mikono ikifanya kazi yake ya kila siku, na ndoo imepunguzwa maji kidogo.

Sasa mtu afanye nini? Jibu la kwanza ni pesa, na sitaki kulizunguka. Rarieda, magharibi mwa Kenya, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walizifuatilia kaya zilizopewa fedha bila masharti na shirika la GiveDirectly. Watu walieleza kuwa na furaha zaidi na msongo wa mawazo mdogo zaidi, ingawa kotisoli, homoni ya msongo, kwa wastani haikuonyesha mabadiliko. Mbinu za kutuliza akili haziongezi kipato, na anayezitoa kama mbadala wa kipato anamwonea msikilizaji.

Zinachoweza kufanya ni kukupa mahali pa kuitua ndoo kwa muda. Kama tatizo ni hesabu isiyolala, ipe siku na saa yake, na maamuzi yanayojirudia yafanye mara moja kwa wiki au kwa mwezi badala ya kila asubuhi. Usiku, iandike. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor waliwalaza vijana 57 maabara. Walioandika kwa dakika 5 mambo wanayopaswa kufanya siku zijazo walipata usingizi kama dakika 9 mapema kuliko walioandika mambo waliyokwisha kuyafanya, na kadiri orodha ilivyokuwa na undani ndivyo walivyolala upesi. Walikuwa vijana wenye afya na ni usiku mmoja, lakini karatasi na kalamu hazina madhara.

Kisha kuna aibu, ambayo naiona ndiyo maji mazito zaidi ndani ya ndoo. Mtu anaacha kupokea simu, anakwepa sherehe, anakataa hata msaada ulio haki yake. Mwaka 2014 Crystal Hall, Zhao na Shafir walikutana na watu waliokuwa wakipata mlo kwenye kituo cha msaada huko New Jersey, wakawaomba baadhi yao wasimulie kwa mdomo jambo walilowahi kulifanya likawapa fahari. Hao walifanya vizuri zaidi katika vipimo, na walikuwa tayari zaidi kuchukua maelezo ya misaada ya serikali. Ni utafiti mdogo nao. Ila ulinikumbusha kwamba nilimpelekea dada yangu daftari bila kumwambia neno moja la heshima juu ya namna alivyoiendesha nyumba ile miaka yote.

Na huzuni ikikaa wiki mbili au zaidi, usingizi na hamu ya kula vikapotea, au mawazo ya kujidhuru yakaanza kuja, hapo si suala la kupanga wiki tena. Ni la kwenda kwa mhudumu wa afya, mapema.

Daftari dada yangu bado analo. Safu zangu hajazigusa. Anaandikia kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi mbele, usiku, kabla ya kuzima taa. Aliniruhusu nisome ukurasa mmoja. Ulikuwa na mistari miwili: "Kesho: kumpigia mwenye nyumba. Jumamosi: mengine yote."