Je, blogu za watu binafsi zimekufa?

Hapa Tanga, ukikaa barazani Ngamiani ukataja blogu, wengi watakwambia zilikwisha zamani, siku hizi watu wote wamehamia mitandao ya kijamii. Dhana hiyo ina chanzo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wanablogu nchini walipie leseni, na baadhi yao walifunga. Tena ukitafuta jambo kwenye simu, ukurasa wa kwanza hujaa tovuti kubwa.

Lakini kutoonekana si kutokuwepo. Mitambo ya kutafuta hupanga majibu kwa vigezo vyake, kimojawapo kikiwa viungo (linki) vinavyotoka tovuti nyingine. Anayeandika peke yake kuhusu nyuki, majahazi au mashairi ya bibi yake hana viungo vingi, hivyo husukumwa nyuma.

Jaribu mwenyewe. Badala ya "mapishi ya samaki", andika kama mtu anayesimulia: "mama alinifundisha kupika samaki wa kupaka". Usiishie ukurasa wa kwanza. Ukipata blogu moja, tazama pembeni au chini kabisa, kwani wanablogu wengi huweka orodha ya blogu wanazosoma wao. Njia hii naipenda kuliko zote, maana anayekuelekeza ni msomaji mwenzako. Kutoka blogu ya bustani unaweza kufika ya fundi redio, kisha ya mwalimu mstaafu. Angalia tarehe ya chapisho la mwisho ujue kama mwenyewe bado anaandika. Iliyokupendeza ifuatilie kwa RSS, yaani mlisho wa machapisho unaosomwa kwa programu maalumu, teknolojia iliyokuwepo tangu 1999: maandiko mapya yatakufikia yenyewe.