Mpingo hautakuimbia kwenye gitaa la umeme

Wiki iliyopita kaja kijana mwingine, mpiga solo wa kwaya, kabeba kipande cha mpingo kwenye mfuko wa salfeti. Kakipata kwa wachonga vinyago. "Shikamoo fundi. Nataka unitengenezee bodi ya hii, sauti iwe nzito." Nikaitikia marahaba, nikaweka solda chini. Huyu ni wa nne mwaka huu. Wa tano nitamtumia linki hii.

Uzito atakaoupata ni wa kilo. Bodi ya kawaida, yaani mwili wa gitaa, ina kama kilo 2. Mpingo ukiutumbukiza kwenye ndoo ya maji unazama. Bodi ileile ingepita kilo 4 kabla hujafunga chuma hata kimoja. Ibada inayochukua saa tatu nzima, bega la nani? Na mti wenyewe mwembamba, umepinda, ubao mpana usio na ufa utautafuta mpaka uchoke.

Sauti ya gitaa la umeme inaanzia kwenye pikapu (sisemi gari), yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, raundi elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo unazaliwa kwenye waya na kwenda kwenye ampu. Ubishi ukizidi, huwa navua nyuzi za chuma nafunga za nailoni. Piga sasa: bodi unaisikia mkononi, spika haina habari. Miaka ya 1930 Rickenbacker waliuza gitaa la umeme la kulaza mapajani lenye mwili wa alumini, watu wakaliita kikaango. Danelectro wao walitumia mbao za kushindiliwa, ndugu wa zile tunazopigia dari. Yote yalipigwa, yote yakapendwa.

Kinachonikera zaidi ni wale wanaogongagonga bodi kwa kidole, wametega sikio, kama wananunua tikiti maji. Hiyo ni akili ya zeze. Kwenye zeze la Wagogo kibuyu na ngozi ndivyo vinavyosukuma hewa. Badili kibuyu, umebadili sauti. Gitaa kavu, lisilo la umeme, nalo hivyohivyo. La umeme halisukumi hewa, spika ndiyo inasukuma.

Yule kijana nilimwomba gitaa lake mwenyewe, la mbao isiyo na jina. Nikachukua bisibisi, nikashusha pikapu raundi moja na nusu upande wa nyuzi nene, nikapandisha kidogo upande wa nyembamba, nikampunguzia toni, kile kitufe cha kukata ukali. Akapiga. "Eeh, fundi, umeweka nini?" Sijaweka kitu, mdogo wangu.

Sasa mjanja atasema uzi umefungwa kwenye mbao, na mbao inanyonya mtikisiko wake. Kweli, nakubali, ila mnyonyaji mkubwa ni shingo, maana ni ndefu na nyembamba. Ndiyo maana kuna magitaa ambayo noti moja inakufa mapema wakati jirani zake zinaendelea kulia. Bana koleo dogo kichwani mwa gitaa, noti iliyokufa inahama freti (vile vichuma vilivyokatiza shingo). Hapo mbao inahusika. Lakini haikupi "uzito" wala "utamu", inakuibia noti, na mbao mbili za mti mmoja zinaweza kuiba tofauti.

Kwa hapa Dodoma nikichagua mbao nauliza jambo jingine kabisa: imekauka? Kuanzia Juni upepo mkavu unakamua kila kitu. Ubao wa vidole, ule wa juu ya shingo, unasinyaa, ncha za freti zinatokeza pembeni zinachana mkono, nyuzi zinaanza kugonga freti. Mninga uliokaa vizuri unanyauka kidogo sana, hautakusumbua. Mbao mbichi ya jina kubwa itakulaza njaa.

Nina jambo moja linanisumbua. Mwaka juzi nilitengeneza magitaa mawili, nikahamisha pikapu zilezile kutoka moja kwenda jingine, nyuzi mpya, kimo nikapima kwa rula. Moja likawa na ukali zaidi. Labda shingo. Labda daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye bodi. Labda masikio yangu, kwa sababu nilijua nimeshika lipi, na sikumwomba mtu anifunge macho.

Kijana kaondoka na gitaa lake lilelile. Mpingo kauacha, upo mlangoni, unazuia upepo usiubamize.