Kila kitabu na mwendo wake

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Gulu, na ndiye pia ninayeshika ufunguo wa maktaba ya shule. Kila muhula unapofunguliwa, wanafunzi huniuliza swali lilelile: mwalimu, kwa wiki unamaliza vitabu vingapi? Huwajibu kwamba sihesabu vitabu. Hesabu ninayoiweka katika daftari langu ni ya jioni: kila kitabu kimenichukua jioni ngapi, na kwa nini. Kwa miaka ya kuandika hivyo nimesadiki kwamba kila kitabu kina mwendo wake, na kwamba hukumu nyingi tunazowapa waandishi, kwamba huyu anachosha na yule ni mwepesi, hutokana na kusoma kwa mwendo ambao si wa kitabu hicho.

Kitabu kilichonifunza jambo hili ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1951. Karama ameshitakiwa barazani kwa kosa la kufundisha uanasheria, na mshitaki wake ni waziri Majivuno. Katika kujitetea kwake Karama anasimulia habari za wajumbe sita ambao nchi ya Kusadikika iliwatuma pande sita, yaani pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alipata mateso njiani, akarudi na habari za manufaa kwa nchi yake, na malipo yake yakawa kifungo.

Mwanafunzi anayekisoma kitabu hiki usiku mmoja kabla ya mtihani huja kwangu akilalamika kwamba mambo yanajirudia. Ni kweli yanajirudia, nami nilikuwa na lalamiko hilohilo hadi wiki moja nilipoamua kumpa kila mjumbe jioni yake, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Siku ya kwanza nilimhurumia mjumbe. Siku ya pili nilishangaa. Ilipofika Alhamisi, nilikuwa namwona mtu anarudi nyumbani kwa furaha huku nikijua mlango gani unamngoja, na hofu ilinishika kabla sijafungua ukurasa. Hapo nikaelewa kwamba marudio hayo ndiyo ushahidi wenyewe wa Karama. Mtu mmoja akifungwa bila hatia, wakubwa wanaweza kusema ni bahati mbaya. Wakifungwa sita mfululizo, ile ni desturi ya utawala, na hakuna maelezo yanayoweza kuifunika. Kwa mwandishi aliyepata kuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na aliyeiweka nchi yake ya kubuni angani ili aweze kusema ya chini, naona huo ni ustadi mkubwa na pia ni ujasiri.

Wiki iliyofuata niliingia katika Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022. Riwaya ya Kiingereza ilitoka mwaka 1994, na nilikuwa nimeisoma zamani. Nayo ina sehemu sita, kwa hiyo nilijaribu kuigawia jioni sita kama wajumbe wa Kusadikika. Mgawanyo huo ulivunjika mara tu msafara wa tajiri Aziz, ambaye Yusuf, kijana mhusika mkuu, anaishi kwake, ulipoanza safari ya bara. Safari ile haikatiki kwa jioni. Msomaji akiifunga katikati ya njia, anaporudi kesho yake uchovu wa wapagazi umeshamtoka, na uchovu ule ni sehemu ya maana. Niliisoma upya kwa mfululizo nikiwa ndani ya basi la kwenda Kampala, tangu tulipotoka Gulu, tukauvuka mto Nile pale Karuma, na hata tulipofika Luwero sikuwa nimeinua kichwa isipokuwa mara chache.

Kuisoma kwa Kiswahili kuliniletea mambo ambayo Kiingereza hakikunipa. Khalil, kijana anayefanya kazi pamoja na Yusuf dukani kwa Aziz, humtania kwa kumwita kifa urongo, na maneno hayo yamo katika Kiingereza bila kutafsiriwa. Msomaji wa Ulaya huyapita kama sauti ya kigeni tu, lakini anayejua Kiswahili anakumbuka ule mmea mdogo ambao majani yake hujikunja yakiguswa, kama kwamba umekufa, kisha hufunguka tena. Mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake ameelezwa mzima kwa jina la mmea. Vilevile lipo suala la ujamaa. Neno la Kiingereza analotumia Yusuf kumwita Aziz, uncle, halisemi kama ni ami au mjomba, wala halimlazimu mtu kusema. Kiswahili kinamtaka mtu aseme undugu huo unatoka upande gani, wa baba au wa mama. Kwa hiyo Khalil anapomkanya Yusuf asimwite hivyo bwana huyo, msomaji wa Kiswahili anahisi ukoo mzima ukikatwa, tena kwa sentensi moja fupi.

Nilimsimulia kisa hiki jirani yangu, mzee Mnubi anayekijua Kiswahili tangu utotoni, ambaye riwaya hajaisoma. Nilipofika pale mke wa tajiri anapoirarua kanzu ya Yusuf, mzee alinyanyua mkono kunikatiza, akauliza, “Mwalimu, iliraruka mbele au nyuma?” Nikamwambia nyuma. Akatikisa kichwa polepole, akasema, “Basi kijana hana kosa.” Anayeijua sura ya Yusuf katika Kurani, ambamo kanzu iliyoraruka nyuma inathibitisha kwamba Yusuf hakuwa na kosa, hahitaji mhakiki wa kumfafanulia ukurasa ule. Niliandika swali la mzee katika daftari, kwa sababu lilikuwa uhakiki bora kuliko wowote nilioandika mimi wiki ile.

Wiki ya tatu nilimsoma Okot p'Bitek, mwana wa hapahapa Gulu. Shairi lake refu, Wimbo wa Lawino, lilitoka kwa Kiingereza mwaka 1966, na kwa Kiacholi, lugha lilimotungwa, mwaka 1969. Okot mwenyewe alikiri mwanzoni mwa toleo la Kiingereza kwamba kwa kulitafsiri alikata kidogo mbawa za tai, akautia kutu upanga wa shujaa na kuua mizani na vina. Kwa kitabu cha namna hii mwendo ni wa mdomo. Macho peke yake hukimbia, na Lawino akikimbizwa anabaki kuwa mke mwenye wivu anayelalamika juu ya mumewe Ocol. Akisomwa kwa sauti, mtu husikia jinsi anavyorudia neno ili kulikaza, na jinsi huzuni inavyokaa chini ya matusi.

Kwa hiyo namsomea mama yangu kwa Kiacholi, Jumapili baada ya chakula, tukiwa chini ya mwembe. Sehemu ziko 13, nami nilidhani tungemaliza kwa Jumapili nne. Tulikwenda vizuri hadi ya 12, mahali Lawino anaposema kwamba nyumba ya mumewe ni msitu wa giza wa vitabu, na kwamba vijana wa ukoo wameangamia humo. Mama aliacha kuchambua maharage. Alitazama ndani kupitia mlangoni, kwenye kabati langu la vitabu, kwa muda mrefu, kisha akaniambia nirudi pale penye msitu. Nikarudi. Niliposoma mara ya tatu akawa anaitikia mwisho wa mistari, kama wanavyoitikiwa waimbaji, na giza lilipoingia tulikuwa bado tuko kwenye sehemu ya 12.