Gitaa la Mississippi John Hurt ni Moja Tu

Wengi wakisikiliza Today!, albamu ya mwaka 1966 ya Mississippi John Hurt, mwimbaji na mpiga gitaa wa blues wa Marekani, hudhani wanasikia wapiga gitaa wawili. Sivyo. Ni mtu mmoja na gitaa lisilo la umeme. Aliyezoea gitaa kavu la Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo, atalitambua hili upesi.

Siri iko kwenye gumba. Mkono wa kushoto ukishika kodi ya C (noti kadhaa zinazopigwa pamoja, “chord”), gumba la kulia hupiga uzi wa 5, kisha wa 4, ukihesabu kutoka uzi mwembamba kabisa, mapigo manne kila baa (kipimo kimoja cha muziki), bila kuyumba. Kidole cha shahada na cha kati huimba wimbo kwenye nyuzi nyembamba, na noti nyingi huangukia katikati ya mapigo ya besi, yaani sauti nene za gumba. Hapo ndipo sikio linapodanganyika, na ndipo utamu wote ulipo.

Wanaojifunza hukwama gumba linapoanza kufuata vidole. Besi inasita, wimbo unakufa. Piga gumba peke yake mpaka uweze kuongea huku ukipiga, ndipo uongeze noti moja kwa kila baa.

Usitarajie mayowe. Hurt anaimba taratibu, kama mtu aliyeketi barazani jioni. Anza na “Louis Collins”, ukifuata besi tu.